Mwanafunzi huyu ni wa nani? Barua ya wazi kwa mainchaji wa wodi, Dar es Salaam

Wauguzi wenzangu,

Barua hii nawaandikia ninyi mnaosimamia wodi katika hospitali zinazopokea wanafunzi wa uuguzi hapa Dar es Salaam, ziwe za serikali, za mashirika ya dini au za watu binafsi. Ningeweza kuiandikia Wizara ya Afya au Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mbele kidogo nitasema na Baraza. Lakini mengi ninayotaka kuyasema hayangoji waraka wala bajeti. Yanangoja kalamu ya inchaji anapopanga zamu za wiki.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi wodini, nimefundisha chuoni, na sasa naishi Tegeta, ambako nina vyumba vichache vya kupangisha nyuma ya nyumba. Wapangaji wangu karibu wote ni wanafunzi wa uuguzi. Alianza mmoja, akamwita mwenzake, mwenzake akamleta binamu yake, na siku hizi habari zote za wodi zenu nazipata hapo bombani uani, wakifua. Msishtuke, sitataja hospitali wala mtu.

Nianze na swali ambalo wenyewe huwa mnaliuliza. Mwanafunzi amekutwa amesimama tu katikati ya wodi, au amekosea kufunga kidonda, au ndugu wa mgonjwa amelalamika. Inchaji anatoka ofisini na kuuliza kwa sauti: "Huyu mwanafunzi ni wa nani?" Jibu linalotoka ni jina la chuo. Huyu ni wa chuo fulani, yule wa chuo kingine. Ni nadra sana kumsikia muuguzi akijibu: ni wangu, niko naye tangu asubuhi. Mimi nadhani shida yote imelala hapo.

Watu wa vyuoni wakizungumzia msongo wa mawazo, huuzungumzia kana kwamba mwanafunzi alikuja nao kutoka kwao. Afundishwe kupanga muda, ale vizuri, alale, asali. Sina ugomvi na ushauri huo. Wapangaji wangu wanasali, na mmoja wao, binti wa Tanga, haendi zamu ya usiku kabla hajasoma Qur'ani yake. Ila sala haimwonyeshi mtu amuulize nani dozi ya dawa saa tisa usiku.

Watafiti wa Taiwan walitengeneza dodoso la kupima msongo wa wanafunzi wa uuguzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na tangu hapo limetumika katika nchi nyingi. Lina maswali 29 yaliyogawanywa katika mafungu sita. Limo fungu la kumhudumia mgonjwa, la kazi za chuo, la kukosa ujuzi, la mazingira ya wodi, na la wenzake na maisha ya kila siku. Fungu lililobaki ni la walimu na wauguzi wa wodini. Yaani sisi. Tumeandikwa kwenye orodha moja na vidonda na vifo, na hakuna aliyetuonea.

Mfuateni mwanafunzi siku moja. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja na nusu. Anayeishi Tegeta akapangiwa Mwananyamala anaamka saa kumi alfajiri; aliyepangiwa Temeke anaamka kabla ya hapo na kubadilisha magari. Tangu ujenzi wa njia ya mwendokasi uanze Barabara ya Bagamoyo, hakuna anayeweza kukuhakikishia atafika Mwenge saa ngapi. Nauli wanayolipa ni ya mtu mzima. Mikopo inayotolewa na Bodi ya Mikopo kwa wanafunzi wa stashahada ilianza mwaka wa masomo wa 2023/24, na kweli wapo wanaoipata, ila wengi kwenye vyumba vyangu wanaishi kwa kinachotumwa na mzazi kwa simu, nacho kinakuja kikiwa kimepungua kila mwezi. Sare nyeupe inafuliwa usiku, inapigwa pasi umeme ukiwepo, inakunjwa kwenye begi na kuvaliwa hospitalini. Hilo la kutopanda nayo daladala tuliwafundisha wenyewe, kwa ajili ya vijidudu. Kwa Tegeta, pamoja na malori ya saruji yanayoshuka Wazo, hata bila somo la vijidudu wangeikunja.

Akifika hana pa kuweka begi. Linasukumwa chini ya meza ya mafaili, na kila anayepita analipiga teke. Ripoti ya kupokezana zamu anaisikiliza akiwa nyuma ya migongo ya watu, hasikii nusu yake. Kisha kazi zinagawiwa. Wauguzi wanatajwa kwa majina, wanafunzi kwa kundi: wanafunzi watandike, wanafunzi wapime presha wote.

Hapo kwenye presha tukae kidogo. Chukulia wodi ina wagonjwa arobaini na mashine moja yenye betri zilizochoka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaanza kitanda cha kwanza. Akifika cha kumi na tano mashine inagoma. Anamfuata muuguzi, anamkuta anahangaika na mshipa wa mgonjwa usioonekana, naye anamjibu kwa ukali kwamba kazi ya kupima alishapewa, akapime. Anarudi. Raundi ya madaktari inaanza saa tatu na mafaili yanatakiwa yawe yamejazwa. Basi anayajaza. Huyu 120 kwa 80, yule 110 kwa 70, wa pembeni 118 kwa 76 ili yasifanane mno. Wao wanasema wamepika presha, na walipokuwa wakisimuliana pale bombani walikuwa wanacheka.

Mkunga hawezi kucheka. Mjamzito mwenye presha ya 160 kwa 110, anayelalamika kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, akiandikiwa 120 kwa 80 na mtoto aliyeogopa kurudi mara ya pili kuuliza, jioni anaweza kupata degedege la kifafa cha mimba huku faili likionyesha asubuhi alikuwa mzima. Sidhani kama tunapojadili msongo wa wanafunzi huwa tunamfikiria mama huyu. Tunadhani ni mambo ya machozi na moyo mwepesi. Mwanafunzi mwenye hofu anajifunza kuficha, na akishahitimu anakuja kuwa muuguzi anayeficha, wodini kwenu humo humo.

Watafiti wale wale wa Taiwan walizigawa njia za wanafunzi za kukabiliana na msongo katika mafungu manne: kukwepa, kutatua tatizo, kubaki na matumaini, na kuhamishia mawazo kwenye kitu kingine. Kukwepa nakufahamu kwa sura. Yule mwanafunzi anayejitolea kila mara kupeleka sampuli maabara, mnayemsifia kwa uchapakazi, mara nyingi anatafuta korido apumue. Anayechukua muda mrefu kuosha vyombo vya wagonjwa kule chumba cha nyuma, huko ndiko hakuna wa kumfokea. Aliyeingia chooni na simu hana mchumba wa kuchati naye, anatafuta mtandaoni jinsi ya kukokotoa kasi ya dripu kwa sababu aliona aibu kuuliza mbele ya watu. Na wapo wavivu kweli, sikatai. Kwa kuwa wote wameitwa "wanafunzi" kwa mkupuo mmoja, hamna namna ya kuwatofautisha.

Kuna hii habari ya kitabu cha kusainiwa, logibuku. Kila mwanafunzi anatakiwa aonyeshe amefanya kazi fulani mara kadhaa chini ya macho ya muuguzi aliyesajiliwa: kuweka kanula, kuingiza mpira wa mkojo, kupima ujauzito, kuzalisha. Bila sahihi hakamilishi. Sasa nendeni leba. Tangu serikali ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi mwaka 2007, kwa nia njema ya kupata zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, vyuo vimeongezeka, na ilikuwa lazima viongezeke, maana zahanati haiendeshwi na kuta. Vitanda vya kujifunzia havikuongezeka kwa kasi hiyo. Matokeo yake mama mmoja anasukuma mtoto huku amezungukwa na vijana kutoka vyuo tofauti, kila mmoja na kitabu chake kwapani, kila mmoja akiomba kimoyomoyo mtoto huyu awe wake. Mama mwenyewe hajaulizwa kitu. Wavulana ndio wanaopata tabu zaidi hapo, kwa sababu akina mama wengi, na mama zao wakubwa walioko nje ya mlango, hawataki mwanaume karibu, na ni haki yao.

Kisha jioni inaanza kazi ya kusaka sahihi. "Sista, naomba unisainie." Subiri. Sista ameondoka. Sista wa zamu inayoingia anasema hakukuona ukifanya, kasainiwe na aliyekuona. Aliyekuona yuko likizo. Mwishoni mwa miezi ya mafunzo kitabu kina mapengo, na chuo hakitaki kusikia hadithi. Nadhani mnajua kinachofuata. Sahihi zinafanana fanana, wino mmoja, tarehe zimepangwa vizuri kupita kiasi. Nimevishika vitabu hivyo mkononi nilipokuwa mkufunzi, na yeyote aliyewahi kufundisha ameviona.

Mtasema haya ni mambo ya nchi maskini. Hapana. Kuna taarifa maarufu ya mwaka 1960 iliyoandikwa na Isabel Menzies, mwanasaikolojia aliyeitwa na hospitali moja kubwa ya kufundishia jijini London. Hospitali ilikuwa na wauguzi wapatao 700, na katika hao takriban 150 tu ndio waliokuwa wamehitimu. Waliobaki wote walikuwa wanafunzi. Uongozi ulitaka kujua kwa nini ratiba ya kuwagawa wanafunzi wodini haikai sawa. Menzies aliona jambo kubwa kuliko ratiba. Aliona kwamba kazi yenyewe, ya kushika miili ya watu, uchafu wao, maumivu yao na vifo vyao, inaleta hofu nzito, na kwamba hospitali ilikuwa imejijengea taratibu za kuikwepa hofu hiyo badala ya kuikabili. Wanafunzi walihamishwa wodi baada ya wodi kabla hawajamzoea mtu. Mgonjwa aliitwa kwa ini lake na namba ya kitanda. Mgonjwa aliyekuwa usingizini aliamshwa apewe dawa ya usingizi, kwa kuwa orodha ya kazi ilisema saa hiyo ni ya dawa. Karibu theluthi moja ya wanafunzi waliacha masomo kabla ya kumaliza, na Menzies aliona pia kwamba mfumo ule ulikuwa unawaondosha wale wale ambao wangeweza kuurekebisha.

Nilipoisoma taarifa hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani amepita wodi nilizofanya kazi. Huyo wa appendiksi kitanda cha saba. Yule wa fraktcha pale dirishani. Tunasema hivyo hadi leo, wala si kwa ubaya, ila mwanafunzi anajifunza kutoka kwetu kwamba hivyo ndivyo mtu anavyojikinga.

Waingereza walichukua muda kujifunza. Mwaka 1986 ilitoka taarifa iliyoitwa Project 2000, nayo pamoja na mengine ilipendekeza mwanafunzi wa uuguzi asihesabiwe kwenye idadi ya watumishi wa zamu. Awepo wodini kujifunza, na wodi ipangwe kana kwamba hayupo. Nafahamu tuko mbali na hapo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba dunia ina upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa ya pengo hilo iko kwenye nchi kama yetu. Muuguzi mmoja anapoachwa usiku na wodi nzima, atamshika mwanafunzi kama aliyezama anavyoshika ubao, na mimi si wa kumhukumu. Ninachosema ni kwamba tusimwite mwanafunzi mwenye makosa baada ya kumfanyisha kazi ya mtumishi bila mtumishi kuwa naye.

Wakati fulani mpangaji wangu mmoja alirudi alasiri akakaa kwenye ngazi ya mlango wake, sare iko mapajani, hakuingia ndani. Mgonjwa wake alikuwa amefariki asubuhi. Mzee aliyekuwa akimwita mjukuu, ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha tangu wiki ianze. Yeye na mwenzake waliambiwa wamtayarishe. Wakavuta pazia. Wakamfumba macho, wakafunga taya kwa bendeji, wakatoa mpira wa mkojo na dripu, wakamwosha, wakaandika jina kwenye plasta na kulibandika, wakamfunika shuka. Hakuna aliyekuja kusimama nao. Mwili ulipotolewa tu, aliambiwa akagawe chakula cha mchana, na alipojifuta machozi muuguzi mmoja akamwambia nesi halii, utazoea. Nilimpa chai. Nilitegemea anilalamikie huyo muuguzi. Hakumtaja tena. Alichoniuliza ni hiki: "Mama, hivi ile taya niliifunga sawasawa? Watoto wake wakienda kumwangalia, mdomo hautakuwa wazi?"

Swali hilo lilikuwa la kiuguzi kabisa, na lilipaswa kuulizwa na kujibiwa wodini. Lingechukua dakika kumi. Inchaji anawaita wale wawili pembeni, anawauliza walichofanya, anawaambia kipi walikifanya vizuri na kipi wangefanya vingine, anawaacha waseme habari za mzee wao, kisha wanakwenda kugawa chakula. Aliyeambiwa atazoea atazoea kweli, na wagonjwa wake wataliona hilo usoni kwake.

La sindano halina mjadala. Binti mwingine alijichoma akirudishia kifuniko kwenye sindano iliyotumika, kosa ambalo kila mwaka wa kwanza tunawaambia wasilifanye: sindano inaingia kwenye sefti boksi kama ilivyo. Alijichoma asubuhi, na mimi nilijua saa nne usiku, baada ya mwenzake kunong'ona. Nikamtoa kitandani tukapanda bajaji kwenda kituo cha afya. Njiani nikamuuliza kwa nini hakusema wodini. Akasema aliogopa kuulizwa akili zake zilikuwa wapi. Ninyi mnajua, lakini naandika kwa ajili ya wanafunzi watakaosoma: dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianzwe mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na zinamezwa siku 28. Kila saa anayoipoteza mwanafunzi akiogopa mdomo wa mtu ni saa ya hatari. Wodi yenu iwe na utaratibu unaojulikana na kila mwanafunzi tangu siku ya kwanza: akijichoma, anaosha kwa maji na sabuni, anamwambia muuguzi wake, anapimwa, anapewa dawa. Maswali ya akili zake zilikuwa wapi yatakuja kesho, na yaulizwe na mwalimu. Chanjo ya homa ya ini B nayo ina dozi tatu, na ya mwisho inachomwa mwezi wa sita. Chuo kinachopeleka wanafunzi wodini mwezi wa tatu bila hata dozi ya kwanza kinacheza na watoto wa watu.

Sasa ninaloliomba. Ratiba ya zamu inapobandikwa ukutani, mbele ya jina la kila muuguzi aliyeko zamu liandikwe jina la mwanafunzi wake. Jina, pamoja na la baba, si namba wala chuo. Mmoja, wakizidi sana wawili. Kwa zamu hiyo, muuguzi huyo ndiye mlezi wake: anampa wagonjwa wachache awajue kwa undani badala ya kumkimbiza wodi nzima na mashine, anamsikiliza, anamrekebisha pembeni, na kabla ya kutoka anasaini alichokiona siku hiyo hiyo. Mwanafunzi akikosea na mtu akauliza ni wa nani, yuko mtu wa kujibu. Wakizidi idadi ya wauguzi, mrudishieni mkufunzi wao waliozidi, awapangie zamu nyingine. Mtagombana na vyuo wiki ya kwanza. Wiki ya pili watazoea.

Msiwalee kama mayai. Nimefundisha muda wa kutosha kujua kwamba mwanafunzi asiyeogopa dozi ya dawa ni hatari kuliko anayeiogopa. Akichelewa aambiwe. Simu ikae kwenye begi, na hapa nawasema wapangaji wangu moja kwa moja, maana wanadhani siwaoni wanavyoiweka mfukoni mwa sare. Akifanya uzembe aandikiwe, na chuo kijulishwe. Kumsema mwanafunzi mbele ya wagonjwa, hata hivyo, kunamwondolea kitu ambacho hamna namna ya kumrudishia: mgonjwa aliyemsikia akitukanwa hatakubali tena achomwe sindano naye, na hapo mmepoteza mikono miwili siku nzima.

Na la kurudi nyumbani. Zamu ya jioni inakwisha zamu ya usiku ikishapokea, na kupokeana kwetu mnakujua. Ikifika saa tatu na nusu usiku, binti anayekaa Tegeta, Boko au Bunju anasimama kituoni peke yake na begi lenye sare. Simwombei apendelewe. Naomba wanaokaa mbali wapangiwe asubuhi au usiku mzima, na wale wanaokaa karibu na hospitali ndio wapewe jioni. Hilo halimgharimu mtu hata senti.

Wakuu wa vyuo, nanyi nina neno. Mnalipia hospitali ili wanafunzi wapokelewe, na mnadhani malipo hayo yamemaliza kazi. Mkufunzi anayesimamia mafunzo kwa kupiga simu kwa kiongozi wa darasa hasimamii kitu. Aje wodini, avae sare, asimame kitandani na mwanafunzi wake. Na mnapopeleka wanafunzi mkijua leba ya hospitali ile imeshapokea vyuo vingine, mnajua mnachokifanya.

Baraza la Uuguzi na Ukunga, Sheria ya mwaka 2010 imewapa jukumu la viwango vya mafunzo yetu. Mkaguzi anapofika chuoni anahesabu vyumba vya madarasa, vitabu na sifa za wakufunzi. Vizuri. Naomba ahesabu na kitu cha pili: katika kila hospitali ya mafunzo, siku ya kawaida, kuna wauguzi wangapi zamuni na wanafunzi wangapi kutoka vyuo vyote kwa pamoja. Hesabu hiyo ibandikwe hadharani, na chuo kisipewe nafasi ya kuongeza wanafunzi pale ambapo hakuna muuguzi wa kuwapokea. Sijaona ubaya wa kumwambia mzazi ukweli kwamba nafasi zimejaa.

Kwa mainchaji wa hospitali na vituo vya upande huu wetu, kutoka Mbezi hadi Bunju na Mabwepande, nina la kuongeza. Mimi na wenzangu wachache wastaafu tunaokaa huku bado tuna nguvu na mchana mzima wa kupoteza. Tukipewa ruhusa, na chumba chenye viti tu, tuko tayari kuja siku moja kila wiki baada ya zamu ya asubuhi kukaa na wanafunzi wenu: waseme waliloliona, waulize walichoogopa kuuliza, turudie kanula kwenye mkono wa mpira. Hatutaki posho. Barua ya kuomba ruhusa nimeshaiandika, kila hospitali na nakala yake, na nitazileta mwenyewe kwa matroni. Nikifika getini, mlinzi aambiwe aniruhusu.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Tegeta, Dar es Salaam